Taa Iliyofika kwa Bibi Mwajabu

“Roboti ya mwalimu hutembea, taa ya mtoto hufika.” Huo ni msemo wa wafinyanzi wa Kwefungo, na anayeusikia kwa mara ya kwanza hudhani umekatwa katikati. Hufika wapi? Na roboti na vyungu, wapi na wapi?

Hivyo ndivyo walivyouliza vijana watatu wa chuo waliokuja kwenye maktaba ya kata kupanga mafunzo ya kompyuta kwa watoto, likizo ya Desemba. Walikuwa wamekata shauri kuwafundisha watoto kuunda ndege isiyo na rubani. Walikuwa wameshaichora ubaoni, mabawa na yote. Mama Hiza, mtunza maktaba aliyestaafu lakini kustaafu kwenyewe hakujaweza kumtoa mlangoni, aliitazama ile picha, akautamka msemo huo, akaendelea kupanga magazeti.

“Mama, hiyo ni methali ya wapi?” akauliza mmoja wao. “Mbona shuleni hatukuisoma?”

“Mngeisomea wapi, na yenyewe bado ina meno ya maziwa? Methali zote mnazozijua ziliwahi kuwa changa. Kuna siku mtu mmoja alizitamka mara ya kwanza, na pengine wenzake walimcheka. Hii kisa chake kilianzia humu humu ndani, kwenye meza hiyo mnayoiegemea. Vuteni viti, na wewe mrefu acha kutazama simu.”

Wakavuta viti. Methali hiyo, akasema Mama Hiza, chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na kijana wa hapa Kwefungo aitwaye Mbelwa. Alisomea ufundi wa kompyuta mjini, akafaulu vizuri, akarudi na cheti chake, akakaa nyumbani miaka miwili bila kazi. Kijiji chetu mnakijua. Hapa mtu hupimwa kwa kitu alichokitoa mkononi: chungu, jembe, shuka, hata kibao cha mbuzi ya nazi. Sasa yeye alikuwa ametoa nini? Wazee walipompita kibarazani na kompyuta yake mapajani walisema, “Huyu bado anacheza na waya.” Hawakusema kwa ubaya, lakini neno la mzaha likirudiwa miaka miwili huacha kuwa mzaha. Mbelwa alilisikia kila siku, na kila siku lilimchoma.

Kwa hiyo maktaba ilipomwomba awafundishe watoto katika likizo ya Juni, alilipokea ombi lile kwa mikono miwili. Wafadhili walikuwa wameleta kompyuta sita zilizotumika, boksi moja la kadi ndogo za umeme, na vifaa vya kuundia roboti moja. Zile kadi zilikuwa ishirini, kila moja ukubwa wa kiganja cha mtoto, zikiwa na betri zake, taa ndogondogo na kijicho cha kuhisi mwanga. Mbelwa alizitazama mara moja, akasema hivi ni vitu vya kuchezea, akalisukuma boksi chini ya meza. Roboti ndiyo iliyompendeza. Ilikuwa na magurudumu manne na mkono wa kushika vitu. Siku ya kufunga mafunzo wazazi wangealikwa, na yeye alishaiona siku hiyo akilini mwake: roboti inakivuka chumba, inamkabidhi mwenyekiti wa kijiji kalamu, na wale wazee wa kibarazani wanafunga midomo.

Msimcheke. Alikuwa na kiu ya kuheshimiwa, na kiu hiyo hata nyinyi mnayo, nimeiona hapo ubaoni.

Watoto walikuja kumi na wanane. Roboti ilikuwa moja. Hesabu hiyo haihitaji chuo. Siku ya kwanza walipanga foleni ili kila mmoja akaze skrubu moja. Aliyekaza yake alirudi nyuma akasubiri, na aliyechoka kusubiri akaanza kumfinya mwenzake. Siku ya pili Mbelwa alieleza mambo ya injini na mzunguko wa umeme kwa maneno aliyoyapenda mwenyewe, huku mikono yake ikifanya kazi yote, kwa sababu kila mtoto aliposhika kitu yeye alikuwa akisema, “Lete nikuoneshe,” kisha hakirudishi. Watoto wanne hawakuja siku iliyofuata. Alijiambia kwamba hao hawakuwa na nia.

Miongoni mwa waliobaki alikuwamo Kidawa, msichana wa miaka kumi, mjukuu wa Bibi Mwajabu mfinyanzi. Alikuwa mtoto wa maneno machache na macho mengi. Siku ya tatu ilifika zamu yake ya kuunganisha betri ya roboti. Mbelwa aliitwa nje mara moja, na mtoto alikuwa amesubiri siku tatu nzima, hakuweza kungoja tena. Akaunganisha. Waya mwekundu akauweka mahali pa mweusi, na mweusi mahali pa mwekundu. Pakasikika mlio mdogo, ukatoka moshi, chumba kikanuka plastiki iliyoungua.

Mbelwa aliingia mbio.

“Nani kakwambia uguse? Nani?” alifoka. “Unajua umefanya nini? Umeharibu kazi ya watu wote! Ondoa mkono!”

Kidawa aliondoa mkono. Aliuficha nyuma yake, akausindikiza na wa pili, akatoka nje bila kulia. Mtoto anayelia hubembelezwa. Yule alikwenda zake kimya, na siku iliyofuata hakuonekana, na ya pili yake pia.

Sehemu iliyoungua ilikuwa na ya akiba, hivyo kwa saa mbili tu roboti ikawa nzima tena. Mbelwa hakufurahi. Mlangoni wenzake Kidawa walikuwa wakiambiana kwamba Kidawa kasema hatashika kompyuta maisha yake yote, kwani mikono yake inaunguza vitu. Hapo ndipo mtu mmoja mwenye umri wangu na ulimi wangu alipomwambia Mbelwa, “Roboti umeshaitengeneza. Mtoto je?” Mbelwa alijua kwamba Kidawa akibaki na neno lile moyoni, litakua naye, na kila atakapoona mashine atauficha mkono nyuma. Yeye mwenyewe ndiye aliyelipanda. Akachukua kofia yake akaenda kwa Bibi Mwajabu.

Alimkuta bibi amekaa uani akikanda udongo.

“Shikamoo, bibi.”

Kimya. Akarudia kwa sauti, na bibi akashtuka.

“Marahaba, mwanangu, marahaba! Karibu. Wewe ndiye mwalimu wa mjukuu wangu.” Bibi alikuwa akisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. “Mtoto huyu kila siku ananiletea kuni na maji bila kutumwa. Siku mbili hizi ananiletea uso tu. Amekosa nini?”

“Amegeuza waya, bibi, kifaa kikaungua.”

“Kifaa gani?”

“Cha roboti.”

“Kubwa?”

“Kubwa kiasi.”

“Ziko ngapi?”

“Moja.”

“Na watoto?”

“Kumi na wanane.”

Bibi Mwajabu aliacha kukanda. Alimtazama Mbelwa kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua anaumwa. Akainuka, akamshika mkono kwa vidole vyake vyenye udongo, akamwingiza kwenye kibanda cha vyungu. Ndani mlikuwa na giza kiasi, kwa maana kibanda hicho hakina dirisha, ili upepo usivikaushe vyungu haraka. Ukutani kulikuwa na ubao, na juu yake vimepangwa vijungu vidogo, vingine vimeinama upande, kimoja mdomo wake umekaa kama mtu anayenung'unika. Kila kimoja kilikuwa na chumvi.

“Hiki ni cha mama yake Kidawa,” alisema bibi. “Hiki cha mama yake mdogo. Hiki kibaya kuliko vyote ni changu, alikihifadhi bibi yangu. Hapa kwetu anayeanza kufinyanga hapewi mtungi, mwanangu. Mtungi una udongo mwingi, na ukipasuka motoni unapasuka na moyo wake. Anayeanza hupewa udongo wa ngumi moja. Ukipasuka anacheka, anachukua ngumi nyingine. Na kikipona, hakiuzwi. Anakileta nyumbani kwa mkono wake, kinatiwa chumvi, na wote tunakula chumvi hiyo. Mtoto anajua: hiki nimekifanya mimi. Sasa wewe, wa kwako hawa, wangerudi nyumbani na nini?”

Mbelwa akapiga hesabu upya. Watoto kumi na wanane na roboti moja. Wangerudi na habari tu, tena habari za mtu mwingine. Aliona aibu, na safari hii haikuwa aibu ya kibarazani.

Alipogeuka alimkuta Kidawa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

“Kidawa,” alisema, “nisamehe, mwanangu. Mimi nilipokuwa chuoni niligeuza waya mara nne, na hakuna aliyenifokea kama nilivyokufokea. Kosa lako lilikuwa la mkono. Langu lilikuwa kubwa zaidi. Nilikupa mtungi.”

Mtoto alitazama chini. “Mimi sitaki kushika tena. Vitaungua.”

“Kesho kila mtu atakuwa na cha kwake. Kikiharibika, kipo kingine.”

Kidawa alifikiri kwanza. “Na kikiharibika hutapiga kelele?”

“Sitapiga.”

Hakusema atakuja wala hatakuja. Mbelwa alirudi maktaba, akapiga magoti, akalivuta lile boksi kutoka chini ya meza. Alikaa mchana kutwa na zile kadi alizozidharau. Hakujiuliza tena ni kitu gani kitawashangaza wazazi. Alijiuliza ni kitu gani mtoto anaweza kukianza na kukimaliza kwa mikono yake mwenyewe kabla njaa ya mchana haijamshika, akikosea asipoteze kitu, na akienda nacho nyumbani kifanye kazi. Maswali hayo ni mepesi kuyasema. Kwa fundi ni magumu kuliko roboti, kwa sababu yanamtaka asijifikirie.

Aliamua itakuwa taa. Taa moja ndogo, kadi moja, betri moja. Kwenye kompyuta mtoto angepanga amri zake kama anayepanga matofali: kukiwa giza, washa, kukiwa na mwanga, zima. Basi.

Asubuhi aliwatuma waliokuwapo wawaite waliotoroka, nao wakaja wote, kwa kuwa habari kwamba kila mtu atapewa cha kwake husafiri bila nauli. Kidawa alikuja wa mwisho. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

“Leo sitaanza mimi,” Mbelwa alisema. “Niambieni, nyumbani kwenu giza linawasumbua wapi?”

Wakapayuka. Bandani kwa kuku! Chini ya kitanda! Chooni, kuna popo! Ndani ya sanduku la mama! Kisha kutoka mlangoni ikasikika sauti ndogo.

“Ndani ya chungu.”

Watoto wakaangua kicheko. Nani anaweka taa ndani ya chungu, mboga zisome gazeti? Mbelwa hakucheka. Akamwendea.

“Kwa nini ndani ya chungu, Kidawa?”

Mtoto alimvuta chini kwa kola ili wengine wasisikie. “Bibi siku hizi hasikii vizuri. Chungu kikitoka motoni anakigonga. Kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinakohoa. Sasa hasikii kinachokohoa. Watu watatu wamerudisha mitungi, inavuja. Bibi aliwaambia ni udongo mbaya. Si udongo. Usimwambie nimekwambia.”

Mbelwa aliinuka. Siku zote tatu mtoto huyu alikuwa amebeba haja ya kweli, na yeye alikuwa akimpa skrubu akaze.

“Ingia,” alimwambia. “Kadi yako ile pale.”

Kazi ikaanza. Ile taa ndogo ina miguu miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, nayo huwaka ikikaa upande mmoja tu. Kidawa alipanga amri zake bila shida. Alipofika kwenye taa akaichomeka, akaifunika kadi kwa kiganja kuifanyia giza. Haikuwaka. Akafunika tena. Haikuwaka. Mikono yake ikaanza kurudi nyuma polepole.

Hapa Mbelwa alipata mtihani wake. Aliliona kosa tokea alipokuwa amesimama: miguu ya taa ilikuwa imegeuzwa. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Vidole vyake vilimwasha. Akaitia mikono yake mifukoni, akaikunja ngumi humo ndani, na nawaambia mimi niliyekuwa hapo mlangoni, jasho lilimtoka.

“Imeungua?” Kidawa aliuliza.

“Unaona moshi?”

“Hapana.”

“Basi haijaungua. Juzi ulifanya nini?”

“Niligeuza.”

“Enhe.”

Kidawa akaitazama taa. Akaitoa. Akautazama mguu mrefu, akautazama mguu mfupi, akaigeuza, akaichomeka tena. Akaleta kiganja juu ya kadi, taratibu, kama anayefunika kifaranga. Taa ikawaka kati ya vidole vyake.

Hakupiga kelele. Aliondoa kiganja, ikazima. Akakirudisha, ikawaka. Alifanya hivyo mara tisa au kumi, na ile mara ya mwisho alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na Mbelwa naye kageukia dirishani kana kwamba kuna kitu cha maana huko nje. Kabla ya adhuhuri taa kumi na nane zilikuwa zinawaka na kuzima humu ndani. Mbili zilikuwa zimeunguzwa kwa utundu, zikabadilishwa, na hakuna aliyefokewa.

Siku ya kufunga wazazi walijaa. Roboti nayo ilikuwepo, maana Mbelwa ni binadamu na hakuwa ameacha kuipenda. Ilikivuka chumba, ikampa mwenyekiti kalamu, watu wakapiga makofi na vigelegele. Wazee wa kibarazani walifunga midomo kama alivyoota. Mwenyekiti akafurahi, akawageukia watoto, akasema, “Haya, nani kati yenu ataiendesha irudi?” Watoto wakamtazama Mbelwa. Hakuna aliyeijua. Mbelwa mwenyewe akairudisha, ikaingizwa kabatini, kabati likafungwa. Kisha watoto wakatoka kwenda makwao, kila mmoja na taa yake, wengine wameziweka mfukoni, wengine wameziingiza ndani ya shati ili ziwake njiani.

Kidawa alimshika bibi yake mkono hadi kwenye kibanda. Kulikuwa na mitungi minne iliyochomwa wiki ile, tayari kwa kuuzwa gulioni. Bibi Mwajabu alikuwa ameshaigonga yote, akasema ni mizima. Kidawa aliiteremsha taa ndani ya mtungi wa kwanza, akaufunika mdomo kwa kifuniko. Giza la ndani likaiwasha, lakini nje hakikuonekana kitu. Wa pili vilevile. Kwenye mtungi wa tatu, ubavuni, karibu na tumbo, ukaonekana mstari wa mwanga mwembamba kama uzi.

Bibi aliupitishia mstari huo kidole, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho. Ni mtungi ambao kesho yake ungekuwa umeuzwa, na keshokutwa umerudishwa. Alikaa chini juu ya kigoda.

“Ulijua,” alisema, safari hii si kwa sauti kubwa.

“Nilijua, bibi.”

“Nilikuwa naona haya. Mfinyanzi asiyekisikia chungu chake! Nilisema nikiwaambia, wataniambia niache.” Akamvuta mtoto akamkumbatia. “Kumbe macho yangu bado mazima. Nitafinyanga mpaka nichoke mwenyewe.”

Asubuhi yake, kisimani, wanawake walikuwa hawana habari nyingine ila roboti: ilivyogeuka, ilivyonyoosha mkono, ilivyompa mwenyekiti kalamu. Wakamuuliza Bibi Mwajabu ameionaje. Bibi alijitwisha ndoo kwanza, akaisawazisha kichwani.

“Roboti ya mwalimu ilitembea,” alisema. “Taa ya mtoto ilifika.”

Wakacheka wakidhani anatania. Lakini walipokwenda kununua mitungi kwake walioneshwa taa, na neno likaenda nalo kila mtungi ulikokwenda. Lilipomfikia Mbelwa lilimuuma kwa siku mbili hivi. Siku ya tatu alilicheka. Likizo iliyofuata aliliandika kwa chaki juu ya mlango ule, kwa mkono wake mwenyewe, na kazi ya kwanza ya kila mwaka hadi alipoitwa kufundisha chuoni ilikuwa taa. Roboti aliiacha kwa wale waliokwisha kupeleka taa tatu nyumbani, nao waliiendesha wenyewe.

Hapo Mama Hiza akarudia magazeti yake. Vijana wale watatu walikuwa wakitazama ubao, na ndege yao ilionekana kubwa sana pale.

“Kwa hiyo ndege ni mbaya, mama?” akauliza yule mrefu.

“Nani kasema ni mbaya? Hata mtungi si mbaya, tunaunywea maji. Nawauliza tu: mtakuwa na ndege ngapi?”

“Moja.”

“Watoto?”

Wale wawili wakatazamana. Yule mrefu aliinuka, akachukua kifutio, akaanza na mabawa.

“Roboti ya mwalimu hutembea,” alisema, akiwa amewapa mgongo.

Na wenzake, bila kuambiwa, wakamalizia: “Taa ya mtoto hufika.”